Adrien Atiman, Tabibu wa Karema

Mtu akitoka kwetu Kumsenga, akashika njia ya Kasulu, kisha akateremka milima hata Kigoma, ataliona Ziwa Tanganyika limetandazwa mbele yake. Akiingia chomboni na kuelekea kusini, huku pwani ya mashariki iko mkono wake wa kushoto, ataipita milima mirefu ya Mahale, na baada ya kuipita atafika Karema, katika nchi ya Wabende, ambayo siku hizi imo katika Mkoa wa Katavi. Hapo Karema alikaa tabibu mmoja Mwafrika kwa muda wa miaka 67, tangu mwaka 1889 hata alipokufa mwaka 1956. Jina lake Adrien Atiman. Hakuzaliwa Karema, wala hakuzaliwa katika nchi yoyote ya jirani. Alizaliwa mbali sana, upande wa magharibi wa Afrika, na elimu yake ya udaktari aliipata katika kisiwa cha Ulaya, zamani ambapo huku kwetu hapakuwa na shule hata moja ya kufundisha kazi hiyo. Tusimulie jinsi ilivyokuwa.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika mji wa Tundurma, kando ya mto Niger, karibu na mji mashuhuri wa Timbuktu. Nchi hiyo leo yaitwa Mali. Mto Niger huko ni kama uzi wa kijani uliopitishwa katika nguo kavu: penye maji pana mashamba na samaki na watu wengi, na kaskazini yake ni mchanga. Katika mchanga huo walikaa Watuareg, wapanda ngamia, ambao wanaume wao hufunika nyuso kwa kitambaa. Siku zile wako miongoni mwao walioishi kwa kuteka watu na kuwauza, kama walivyofanya watu wengine katika nchi hizi zetu. Mtoto Atiman alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi alikamatwa, akachukuliwa mbali na mama yake na baba yake, akauzwa.

Akavushwa jangwa la Sahara. Jangwa hilo ukubwa wake ni zaidi ya mara tisa ya nchi ya Tanzania nzima, na misafara hulipita kwa kuhesabu visima: asiyekijua kisima kinachofuata hawezi kufika. Watumwa wengi walikufa njiani kwa kiu na kwa uchovu, na mifupa yao ikabaki mchangani kuwa alama za njia. Atiman hakufa. Alitokea upande wa pili, katika nchi ya Algeria, na huko alinunuliwa na wamisionari wa shirika la Mapadre Weupe, nao wakampa uhuru. Waliitwa hivyo kwa ajili ya kanzu zao nyeupe, na wazee wetu wanalijua jina hilo, kwa maana mapadre wa shirika hilo walifika Ujiji mwaka 1879.

Wako watu waliosema, hata wakati ule, ya kuwa kununua mtumwa ili kumfungua ni kumtia mfanya biashara hamu ya kwenda kuteka mwingine. Neno hilo lina uzito, wala si vema kulipuuza. Lakini mtoto aliyesimama sokoni siku ile hakuwa na mlango mwingine wa kutokea.

Mkubwa wa shirika lile alikuwa Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyefanywa Kardinali mwaka 1882. Alikuwa mtu mwenye mipango mingi na sauti kubwa. Mwaka 1888 alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akiwaeleza watu mambo ya kutisha ya biashara ya watumwa, hasa ile iliyokuwa ikiliharibu Ziwa Tanganyika. Zamani kabla ya hapo alikuwa amewaza hivi: Mzungu akienda katika bara la Afrika atabaki mgeni, na wengi hufa upesi kwa homa. Afadhali wapatikane vijana Waafrika, wafundishwe vizuri, kisha wapelekwe huko. Tena wafundishwe nini? Akachagua udaktari. Mtu aweza kukataa dini ya mgeni, na aweza kukataa serikali yake. Lakini mtoto wake akishikwa na ugonjwa usiku, atamwita tabibu wala hatauliza dini yake kwanza.

Basi mwaka 1881 vijana kadha wa kadha waliokombolewa utumwani walipelekwa Malta kusoma, na Atiman akiwa mmoja wao. Umri wake yapata miaka kumi na mitano.

Malta ni kisiwa kidogo katikati ya bahari ya Mediterania, kati ya Sicilia na pwani ya Afrika. Urefu wake ni kilomita 27 tu. Mtu mwenye miguu myepesi aliyezoea milima ya Buha angeweza kukitembea toka ncha hata ncha kwa siku moja. Nchi ni mawe matupu ya rangi ya asali. Nyumba ni za mawe hayo, na kuta za mashamba, na ngome kubwa zizungukazo mji wa Valletta. Wakati ule Malta ilitawaliwa na Waingereza, na bandari yake ilijaa manowari zao.

Katika mji wa Valletta kulikuwa na Chuo Kikuu cha zamani sana. Asili yake ni chuo kilichoanzishwa na Wajesuiti mwaka 1592, nacho kilipewa heshima ya Chuo Kikuu mwaka 1769. Hapo ndipo vijana wale waliposoma. Wanafunzi wa udaktari walisikiliza mafundisho chuoni, kisha walikwenda hospitali kuu ya Floriana, nje kidogo ya malango ya mji, kuona wagonjwa kwa macho na kujifunza kwa mikono.

Ninyi msomao habari hii shuleni mnajua taabu ya lugha. Mtoto wa Kumsenga husema Kiha kwa mama yake, akaja shuleni akakuta Kiswahili, na alipokizoea akaletewa Kiingereza. Sasa hesabuni lugha za Atiman. Nyumbani alikuwa na lugha ya kwao. Aliponunuliwa na kusafirishwa, mabwana zake walisema Kiarabu. Mapadre walimfundisha Kifaransa. Alipofika Malta alikuta ya kuwa katika Chuo Kikuu masomo yalikuwa kwa Kitaliano, maana ndiyo lugha iliyotumiwa na wasomi na mahakama za Malta miaka ile. Watawala wa kisiwa walisema Kiingereza. Na watu wenyewe sokoni, na wagonjwa vitandani, walisema Kimalta.

Lakini Kimalta si lugha ngeni kabisa kwa mtu aliyesikia Kiarabu, kwa kuwa ni ndugu yake. Hata sisi, tulio mbali namna hii, tutasikia humo maneno tunayoyajua, kwa sababu Kiswahili nacho kimekopa mengi kutoka Kiarabu. Mmalta akitaka kitabu husema ktieb. Sita kwake ni sitta. Binadamu ni bniedem. Na daktari humwita tabib, kama sisi tusemavyo tabibu. Kwa hiyo kijana aliyeletwa jangwani kama mtumwa, na kulazimishwa kuisikia lugha ya mabwana zake, alifika Ulaya akiwa na ufunguo mkononi ambao mwanafunzi kutoka London au Paris hakuwa nao. Mambo ya maisha hupindana ajabu.

Mafundisho yenyewe yalikuwa yakibadilika mwaka hata mwaka, kwa maana miaka ile elimu ya magonjwa ilikuwa kama shamba linalofyekwa upya. Tangu kale waganga wa Ulaya walifikiri ya kuwa homa hutoka katika hewa mbaya na matope. Mwaka 1880, katika Algeria ile ile aliyoitoka Atiman, daktari Mfaransa aitwaye Laveran alitazama damu ya askari mgonjwa katika hadubini, akaona vidudu vya malaria vikitembea. Mwaka 1882 Mjerumani Robert Koch alionyesha kidudu kiletacho kifua kikuu. Mwaka 1887, Atiman akiwa bado Malta, daktari wa jeshi la Waingereza, David Bruce, aligundua katika kisiwa hicho hicho kidudu cha homa iliyowasumbua askari na wenyeji, ambayo iliitwa homa ya Malta. Hakuna aliyejua homa hiyo inaingiaje mwilini. Ilipofika mwaka 1905, Mmalta mmoja, Themistocles Zammit, ndiye aliyeonyesha ya kuwa inatoka katika maziwa ya mbuzi yasiyochemshwa. Zammit huyo alisoma udaktari katika Chuo Kikuu kile kile, miaka ile ile ya Atiman, akahitimu mwaka 1889. Mmoja alibaki kwao, akawaokoa watu wake kwa kuchunguza mbuzi. Mwingine alipelekwa ng'ambo kuwatibu watu ambao hakuwa amewaona bado.

Kardinali Lavigerie alikuwa na hofu moja juu ya vijana wake, naye hakuificha. Aliogopa ya kuwa wakikaa sana kati ya Wazungu, watapenda viatu na meza na vitanda vya Kizungu, na watakaporudi Afrika watawadharau watu wao na chakula chao, wasiweze kukaa nao. Kwa hiyo aliagiza waishi kwa namna iliyo rahisi, karibu na desturi za Kiafrika. Yaonekana kwangu alikuwa na haki nusu. Ni kweli kwamba elimu yaweza kumtenga mtu na nyumba yake. Lakini vijana hawa walikuwa wamekwisha tengwa na nyumba zao kabla hawajaona kitabu, nao hawakupewa kuchagua desturi ya kufuata: wengine waliwachagulia. Tena Afrika waliyotakiwa kwenda haikuwa Afrika ya kwao. Kwa mtu wa Niger, nchi ya Wabende ni ugeni kama Malta ilivyokuwa ugeni. Si vijana wote wa Malta waliodumu katika kazi waliyoandaliwa. Atiman alidumu.

Mwaka 1888 masomo yake yalikwisha, naye akiwa kijana wa miaka 22 hivi akaingia safarini pamoja na wamisionari. Meli za wakati ule zilipita mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, zikateremka bahari ya Shamu mpaka Unguja. Kutoka pwani hapakuwa na gari la moshi. Reli ya kati haikufika Kigoma ila mwaka 1914. Watu walikwenda kwa miguu, wapagazi wakibeba mizigo vichwani na mabegani, wakipita Ugogo penye maji haba na Unyamwezi penye misitu, siku kwa siku, mwezi kwa mwezi. Mwaka ule ule pwani ilianza kuwaka vita vya Abushiri juu ya Wajerumani. Mwaka 1889 Atiman aliingia Karema.

Alikuta nini? Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao waliwaachia Mapadre Weupe mwaka 1885. Waliijenga karibu na maji, lakini miaka hiyo Ziwa Tanganyika lilikuwa limelipasua lango lake la Lukuga, upande wa magharibi, na maji yakashuka mita nyingi. Basi ngome ikaachwa mbali na ziwa kama mtumbwi uliovutwa juu. Na ng'ambo ya maji, hata huku upande wetu, watumwa walikuwa bado wakivushwa kwa majahazi mpaka Ujiji, na Rumaliza wa Ujiji alikuwa na nguvu ziwani kote. Mtu yule aliyekuwa mtoto mtumwa katika Sahara aliona kwa macho yake misururu ile ile, minyororo ile ile, ila miti na lugha ni vingine. Ilikuwa mwaka 1922, chini ya Waingereza, ndipo sheria ilipoukomesha utumwa kabisa katika Tanganyika. Wakati huo Atiman alikuwa mzee wa miaka hamsini na sita hivi.

Hakukaa Karema kama mgeni. Mwaka huo huo aliofika alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Jambo hili lilimsaidia kuliko sanduku lolote la dawa. Kwa ndoa hiyo alipata wakwe, mashemeji, mawifi na wazee wa kumshauri. Alipata mtu wa kumsahihisha lugha. Akawa na mahali pa kukaa msiba unapotokea. Yeye aliyepokonywa ukoo alipewa ukoo mwingine. Mwana wao Joseph akapata upadre mwaka 1923.

Kwa wenyeji hao alijifunza pia dawa za miti. Waganga wa nchi, ambao sisi Waha tungewaita wafumu, wana mambo mawili yaliyochanganyika: yako ya kupiga ramli, na yako ya kujua jani gani hukausha kidonda na mzizi gani hutuliza tumbo. Daktari mwingine aliyetoka Chuo Kikuu angeyatupa yote pamoja. Atiman aliyachambua kama mwanamke anavyochambua mchele penye ungo, akatumia yaliyofaa. Sababu nyingine ilikuwa ya lazima: dawa za Ulaya zilikuja kwa vichwa vya wapagazi, na zilipokwisha hapakuwa na duka la kuzinunua.

Na magonjwa hayakungoja. Kulikuwa na malaria, na kwinini ndiyo iliyokuwa dawa, ingawa haikujulikana kwamba mbu ndiye aletaye mpaka mwaka 1897. Kulikuwa na ndui na buba na vidonda vya miguu visivyopona. Miaka ya 1890 alikuja funza, ambaye hakuwako Afrika zamani: aliletwa Angola kwa meli kutoka Brazil mwaka 1872, akatembea bara zima katika miguu ya wapagazi, na watu wasiojua kumtoa kwa sindano safi walioza vidole. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ulifika mwambao wa ziwa ugonjwa wa malale. Uliua vijiji vizima. Wazazi wa wazee wetu katika Buha waliujua vizuri, maana miaka ya 1930 serikali iliwahamisha watu wa sehemu za Kibondo na Kasulu, ikawakusanya katika makao ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o. Na ajabu ni kwamba mmoja wa walioonyesha, katika Uganda mwaka 1903, ya kuwa mbung'o ndiye mchukuzi wa malale, alikuwa David Bruce, yule yule wa homa ya Malta.

Serikali zilipita juu ya Karema kama mawingu. Atiman alikuwapo kabla Wajerumani hawajafika ziwani kutawala, alikuwapo walipotawala, alikuwapo Wabelgiji walipovuka ziwa na kuwafukuza mwaka 1916, alikuwapo Waingereza walipokabidhiwa nchi. Kila bendera ilipobadilika, wagonjwa walikuwa wale wale, nao waliketi nje alfajiri wakimngoja. Wengine walikuja kwa mitumbwi kutoka vijiji vya mbali, wengine walibebwa katika machela.

Alipokuwa mzee wa miaka themanini hivi, aliandika habari za maisha yake kwa Kifaransa, lugha ya shule yake ya kwanza. Zikatafsiriwa kwa Kiingereza na kutolewa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika lililokusanya mambo ya historia ya nchi. Twaweza kushukuru kwa hilo. Mamilioni ya watoto walivushwa jangwa na bahari, na katika hao ni wachache mno walioacha habari zao kwa mkono wao wenyewe. Alipewa pia nishani za heshima. Dar es Salaam iko nyumba iliyopewa jina lake, Atiman House, na wengi waipitao mlangoni hawajui mwenye jina alikuwa nani.

Alipoanza kusoma Malta, ulimwengu haukukijua bado kidudu cha kifua kikuu. Alipofikia mwisho wa siku zake, buba iliyokuwa ikila pua za watu iliponywa kwa sindano moja ya penisilini. Chuo cha kwanza cha kufundisha madaktari katika nchi yetu kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, miaka saba baada ya yeye kufa.

Adrien Atiman alikufa Karema mwezi wa Aprili mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka tisini hivi. Tundurma hakurudi kukaa tena. Walimzika huko Karema, kati ya Wabende, wakwe zake, na jamaa nyingi miongoni mwa waliokuja kuzika zilikuwa zimetibiwa naye toka bibi mpaka mjukuu.